Ngozi inawasha, chunusi zimerudi, nywele zinanyonyoka: ni mawazo au kuna kingine?

Kwenye dirisha la duka la dawa hapa Dodoma, mtu mwenye shida ya ngozi mara nyingi hufika na jibu lake tayari. Mmoja atasema, "Dokta, hii ni stresi tu, nipe kitu cha kutuliza," kumbe nyumba nzima wanajikuna usiku. Mwingine ameshamaliza tyubu za kila rangi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama ngozi ilianza kuharibika kipindi kilekile alichoanza kukimbizana na marejesho ya mkopo wa kausha damu.

Msimamo wangu ni huu: mawazo yanaumiza ngozi kweli, lakini ni nadra yafanye kazi hiyo yakiwa peke yake. Hukuta kitu kimeshatangulia, iwe ni ngozi iliyokaushwa na upepo, mkorogo ulioichuna, au ugonjwa wa utotoni uliokuwa umelala. Kwa hiyo chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachoonekana mara nyingi, na ukaguzi usio na gharama umetangulia dawa.

Ukikaa na hofu au presha muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Kotisoli ikizidi kwa wiki nyingi, utando wa juu wa ngozi hudhoofika na kupoteza maji, kinga huyumba na vidonda huchelewa kufunga. Neva za ngozi nazo huchochea seli zinazotoa histamini, na hapo ndipo muwasho unapopata nguvu. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, waliwafanyia wanawake kidonda kidogo cha milimita 3.5 mkononi. Waliokuwa wakiuguza ndugu mwenye ugonjwa wa kusahau walipona kwa wastani wa siku 48.7. Wenzao wa umri kama wao, wasio na mzigo huo, walipona kwa siku 39.3. Kwa hiyo mtu akikuambia ngozi yako haina uhusiano na yanayokusibu nyumbani, usimkubalie haraka.

Ukiona haya, acha kusoma na nenda hospitali sasa

- Midomo, ulimi au koo vinavimba, au pumzi inabana.
- Ngozi inatoka malengelenge au inachubuka huku una homa na vidonda mdomoni au machoni, hasa kama umeanza dawa mpya ndani ya wiki chache zilizopita. Dawa za salfa zinajulikana kwa hili. Acha dawa hiyo na uende nayo mkononi.
- Malengelenge yenye maumivu karibu na jicho au juu ya pua.
- Sehemu ya ngozi ni nyekundu au imeiva, ina joto, inauma na inatambaa kwa kasi, nawe una homa.

Dalili: Unawashwa, lakini huoni kipele cha maana

Haya ndiyo malalamiko yanayojaa kuanzia Mei, mvua zikishakatika.

*Ukavu.* Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake ni za Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni upepo, vumbi na asubuhi za baridi. Mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam au Tanga ameizoea hewa yenye unyevu. Anakuja na losheni yake nyepesi, Juni anaanza kuoga maji ya moto sana, na ndani ya mwezi miguu inawaka. Uhamisho wenyewe, familia ikiwa imebaki kule, unaongeza kero ya usiku, lakini ukavu ndio uliofungua mlango.

Jipime hivi: kwaruza muundi taratibu kwa ukucha. Ukiacha mstari mweupe kama wa chaki, ngozi imekauka. Kabla hujanunua dawa yoyote, fanya haya kwa wiki mbili. Oga maji ya vuguvugu kwa muda usiozidi dakika 10. Weka pembeni sabuni ya mche na sabuni za dawa, na sabuni ya kawaida uitumie kwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Jifute kwa kugusagusa, kisha ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika tatu hivi, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Asiyeyapenda mafuta ya mgando anaweza kutumia mafuta safi ya alizeti, ambayo Dodoma na Singida hatuna shida nayo, mradi ngozi haina vidonda. Kama unaogea maji ya kisima yenye chumvi ambayo sabuni haitoi povu, tumia sabuni kidogo zaidi na ujisuuze vizuri. Wengi huongeza sabuni wakitafuta povu, na mabaki yake hubaki mwilini yakiwasha.

*Upele wa kuambukiza (skabi).* Maswali ni mawili: je, kuna mwingine nyumbani au bwenini anayejikuna? Je, muwasho unazidi ukishapanda kitandani? Angalia katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni, kwenye chuchu na sehemu za siri. Tiba yake ni dawa ya kupaka, mara nyingi ile ya maji inayoitwa BBE, na wote mnaolala nyumba moja mnapaka siku moja, hata asiyewashwa. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa, kwa hiyo usirudierudie dawa kwa hofu. Utaiunguza ngozi bure.

*Mazoea ya kujikuna yanayoendeshwa na mawazo.* Hapa ndipo msongo unaposhika usukani. Mchana uko kazini na husikii kitu. Saa tatu usiku umetulia, simu iko mkononi, hesabu za ada zinazunguka kichwani, na mkono umeshafika nyuma ya shingo au kwenye kifundo cha mguu bila wewe kujua. Ngozi ya hapo huwa nene, nyeusi na yenye mistari. Kuna alama moja ya kuangalia, ambayo ndugu yako anaweza kukusaidia: tazameni katikati ya mgongo, pale mkono usipofika. Kama pako safi wakati kwingine pamechanika, kucha zako zinachangia sehemu kubwa ya ugonjwa.

Kukuna huamsha neva, neva huongeza muwasho, na muwasho unarudisha mkono palepale. Kata mnyororo huo kwa vitendo. Kucha ziwe fupi. Muwasho ukija, bonyeza kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi kwa dakika tano hadi kumi badala ya kukuna. Lala na fulana ya pamba ya mikono mirefu. Shika kitu mkononi saa ile unayojijua, iwe ni rozari, tasbihi, ufumaji au kuchambua mchele. Madeni na kazi za kesho yaandike kwenye karatasi mapema jioni, kabla hujaingia chumbani, ili kitandani usiwe unayakariri. Paliponenepa panahitaji krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) iliyoandikwa na daktari kwa muda maalumu. Hapo usijichagulie mwenyewe.

*Ugonjwa wa ndani.* Ini, figo, kisukari, tezi ya shingo na upungufu wa damu vyote vinaweza kuwasha ngozi iliyo safi. Muwasho ukipita wiki sita licha ya mafuta, au ukifuatana na kupungua uzito, macho ya njano, homa au kutoka jasho jingi usiku, mawazo yasiwe tena jibu. Nenda ukapimwe damu.

Dalili: Uvimbe kama wa kuumwa na mbu, unakuja na kupotea

Zungushia uvimbe mmoja kwa kalamu na uandike saa. Ukirudi kesho saa ileile na ndani ya duara hakuna kitu, huku vingine vimetokea kwingine, hiyo ni urtikaria, ambayo wengi tunaiita aleji. Uvimbe uliobaki palepale zaidi ya siku moja, unaouma kuliko kuwasha au unaoacha weusi kama wa kuvilia damu, ni jambo jingine la kumwonyesha daktari.

Inayoanza ghafla mara nyingi hufuata maambukizi, kama mafua au koo. Baada ya hapo ndipo tunauliza dawa (diklofenaki, aspirini, ibuprofeni na za jamii ya penisilini), kisha chakula, kisha wadudu. Kumbuka ulichomeza saa chache kabla. Watu wengi husahau kuhesabu vidonge vya maumivu walivyonunua viwili viwili kwa ajili ya kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa kinauma kwa sababu ya mawazo.

Msongo peke yake unaweza kuamsha vipindi hivi, hasa kwa mwenye urtikaria iliyozidi wiki sita. Kwa mtu mzima, setirizini miligramu 10 mara moja kwa siku hutuliza wengi. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa figo waulize kwanza. Dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi simpi dereva wa bodaboda wala mtu anayekwenda kwenye mtihani. Ikirudi kila ukiacha dawa, usiendelee kununua mwaka mzima bila kuonwa.

Dalili: Chunusi zinalipuka kila kipindi cha presha

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma huja karibu na mitihani. Watumishi huja Bunge la bajeti likiwa limekaa, kati ya Aprili na Juni, wanapolala usiku wa manane. Hawajidanganyi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kufuatilia wanafunzi 22 wenye chunusi, wakaona zinazidi wakati wa mitihani kadiri msongo unavyopanda. Hata hivyo, kagua kwa mpangilio huu.

Anza na unachopaka. Mafuta mazito ya nywele yanayoshuka kwenye paji la uso, mafuta ya mgando yaliyo mazuri miguuni lakini yamepakwa usoni, na juu ya yote mkorogo. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu naona vijana wakiharibu nyuso zao kwa huzuni iliyotangulia. Mtu ameachwa, au amesimangwa kwa sura yake, anajiona mbaya, anapewa kopo lisilo na jina. Wiki mbili za kwanza uso unang'aa. Kinachong'arisha mara nyingi ni steroidi kali kama klobetasoli, wakati mwingine pamoja na haidrokwinoni au zebaki, ambazo haziruhusiwi kwenye vipodozi hapa nchini. Baada ya miezi ngozi imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vinyweleo vimeota na vipele vimejaa mashavuni. Akiacha, uso unawaka moto na kuvimba, anaogopa, anarudia kopo. Kama uko kwenye hali hiyo, hujachelewa, na hakuna sababu ya kuona aibu mbele ya daktari. Nenda na kopo lenyewe. Usiache ghafla peke yako kama umelitumia miezi mingi, maana kuacha nako kunahitaji msimamizi, na zebaki hudhuru figo, kwa hiyo huenda ukapimwa.

Kisha homoni. Mwanamke ambaye chunusi zimejaa kidevuni na kwenye taya, hedhi inaruka miezi na ndevu zinaota, aonwe kwa ajili ya homoni hata kama ana mawazo mengi.

Baada ya hapo ndipo msongo, pamoja na wenzake wanaokuja nao: kukosa usingizi, kushika uso na kutumbua. Kutumbua ndiko kunakoacha madoa meusi yanayokaa miezi kwenye ngozi zetu, kuliko chunusi yenyewe. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, usisugue, usipake dawa ya meno. Krimu ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, kidogo tu usiku, ndiyo pa kuanzia. Inaweza kukausha, na inachujua rangi ya foronya na taulo. Ipe wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya pili, halafu wanahesabu kwamba imeshindwa. Vinundu vikubwa vyenye maumivu na vinavyoacha mashimo havisubiri wiki hizo; mwone daktari mapema.

Dalili: Nywele zinanyonyoka

Usiulize umefanya nini wiki hii. Uliza ni nini kilitokea miezi miwili au mitatu iliyopita. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Baada ya msiba, kujifungua, homa kali, upasuaji au kupungua uzito haraka, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, kisha zinadondoka kwa wingi miezi hiyo baadaye, kichwa kizima bila kuacha kiraka. Kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya miezi sita hivi. Mfiwa anapoona nywele zinajaa kwenye kitana baada ya arobaini kupita na watu kuondoka, anadhani ni ugonjwa mpya, na hofu hiyo inamzidishia. Kuelezwa tu kwamba zitaota humsaidia sana.

Kabla ya kuridhika na maelezo hayo, angalia zinakotoka. Zikitoka pembeni mwa paji na juu ya masikio, ni misuko iliyovutwa, wigi au rasta nzito: legeza leo, kwa sababu zikivutwa miaka shina hufa. Kiraka cha mviringo, laini kama kiganja, kisicho na magamba, ni kinga ya mwili inayoshambulia mashina ya nywele. Daktari ana tiba. Kiraka chenye magamba na nywele zilizokatikia juu, hasa kwa mtoto, ni mapunye, nayo huhitaji vidonge kwa wiki kadhaa, krimu haitoshi. Zikiendelea kupungua zaidi ya miezi sita, pima damu, madini ya chuma na tezi ya shingo.

Dalili: Ukurutu au soriasis iliyokuwa imetulia imeamka

Ukurutu, yaani pumu ya ngozi, hukaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Soriasis hupenda upande wa nje, yaani viwiko, magoti na kichwani, kwa magamba meupe mazito, na haiambukizi hata kidogo. Msongo ni kichocheo kinachojulikana kwa zote mbili. Lakini kwanza jiulize: uliacha mafuta au dawa ulipoona nafuu? Hilo ndilo ninalolikuta mara nyingi. Baada yake ni hewa kavu, sabuni mpya, maambukizi ya koo, pombe kwa wenye soriasis, au dawa mpya ya shinikizo la damu.

Onyo langu kubwa hapa ni kuhusu tyubu zinazochanganya steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwa pamoja. Zinauzwa kama suluhisho la kila kitu. Ukipaka kwenye fangasi, steroidi huuficha ugonjwa, unatambaa chini kwa chini, na siku unapoonekana haufanani tena na wenyewe. Zisipakwe usoni, kwapani wala kinenani, wala kwa mtoto, bila maelekezo.

Ukurutu unaotoa usaha au maganda ya njano una bakteria. Soriasis inayofunika karibu mwili mzima kwa wekundu ni ya kulazwa.

Dalili: Malengelenge

Yale madogo yanayojikusanya pembeni mwa mdomo baada ya homa, jua kali au wiki ya mivutano ni virusi vya hepesi vilivyolala mwilini. Hupona vyenyewe ndani ya siku 7 hadi 14. Usimbusu mtoto mchanga kipindi hicho.

Mkanda wa jeshi ni tofauti. Maumivu ya kuchoma hutangulia, kisha malengelenge yanafuata mstari upande mmoja tu wa mwili. Dawa ya virusi hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72, kwa hiyo siku mbili za kupaka majivu au majani ni siku zilizopotea. Kwa kijana, usiishie kwenye kulaumu mawazo. Pima VVU, kwa sababu huu huweza kuwa ndio ujumbe wa kwanza wa kinga kushuka.

Mba, jasho, na mabaka

Mba unaozidi wakati wa presha, pamoja na magamba pembeni mwa pua na kwenye nyusi, hutulia kwa shampuu ya ketokonazo mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja. Jasho la viganjani linalotoka ukiwa na wasiwasi na kukauka ukilala halina hatari. Lile linalolowesha shuka usiku ni la kupimwa, kifua kikuu kikiwemo.

Baka lililopauka au jekundu lisilosikia mguso wala joto halina uhusiano na mawazo. Ligusishe unyoya wa kuku huku umefumba macho. Kama husikii, nenda kituo cha afya cha serikali upimwe ukoma. Dawa zake ni bure na zinaponya, na kuwahi ndiko kunakookoa vidole na macho.

Umefuata yote, ngozi inarudi palepale

Kwa wiki nne andika kwenye daftari mambo matatu kila usiku: ngozi imekuwaje, umelala kwa saa ngapi, nini kimekusumbua. Mfululizo ukionekana, tibu pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu krimu haitashinda usingizi wa saa tatu.

Na kama kwa wiki mbili hufurahii chochote, hulali, unajikuna au kung'oa nywele na huwezi kuacha, zungumza na mhudumu wa afya. Ukifikiria kujidhuru, nenda leo, usiende peke yako. Najua jina la Mirembe linavyotumika mtaani kama tusi, na inaniuma, kwa sababu hospitali ile ya taifa ya afya ya akili tunayo hapahapa mjini, wakati wagonjwa wa mikoa mingine wanasafiri kuifuata.

Kwa ngozi yenyewe, anza kituo cha afya kilicho karibu. Wao watakupa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Kesi ngumu zaidi huweza kufika hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992. Beba tyubu, makopo na vidonge vyote ulivyotumia, hata vilivyoisha. Uvimbe unaokuja na kupotea upige picha siku ulipotokea. Asubuhi ya kwenda usipake poda, mafuta wala dawa, ili daktari aione ngozi ilivyo.